Waruhiu Itote wa Kaheti: Askari wa Burma Aliyerudi Nyumbani Mara Mbili

Kila mwaka kijitabu hiki cha harambee hutenga kurasa chache kwa mtu mmoja wa kwetu aliyetangulia. Mwaka huu kamati imeniomba mimi, mtu wa hesabu ambaye kazi yake ni kulinganisha stakabadhi na daftari, niandike juu ya askari. Nimekubali kwa sababu moja. Fedha tunazochanga safari hii ni za vyombo vya karakana ya chuo chetu cha ufundi, na watakaovitumia ni vijana waliomaliza shule au waliorudi kutoka vibarua vya Nairobi na Mombasa, wakakuta nyumbani hakuna kinachowangoja. Mzee ninayemwandika aliijua hali hiyo akiwa na umri wao. Mambo makubwa yaliyomtokea baadaye yalianzia hapo.

Waruhiu Itote alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Kaheti, Mukurwe-ini. Wasomaji wengi wa kijitabu hiki hawahitaji kuelezwa Kaheti ni wapi. Vijana wetu waliozaliwa Umoja na Kahawa West wafahamu tu kwamba ni kwenye vilima vile vile wanavyopelekwa Krismasi, ila wakati huo bila lami, bila umeme, na bila mkahawa hata mmoja katika shamba la Mwafrika, maana mkulima mweusi wa Nyeri hakuruhusiwa kupanda kahawa. Shamba lilikuwa la mahindi, maharagwe na viazi. Kodi ya serikali ilidaiwa kwa shilingi, na shilingi haikuota shambani.

Kijana Waruhiu alisoma kidogo katika shule ya misheni, kisha mwishoni mwa miaka ya 1930 akafanya wanavyofanya vijana wetu mpaka leo: akashuka Nairobi kutafuta riziki. Alijaribu biashara ya mboga pamoja na marafiki. Nairobi ya wakati ule ilimtaka Mwafrika awe mfanyakazi, haikumtaka awe mfanyabiashara. Kulikuwa na leseni, masharti ya mahali pa kuuzia, na kipande ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea nacho, alama za vidole na jina la mwajiri zikiwa ndani yake. Ukipatikana bila kipande, unalala ndani.

Mwaka 1942 akajiandikisha jeshini kwa hiari yake. Neno hili la hiari lataka maelezo, maana watu wetu walichukuliwa vitani kwa njia nyingi. Vita vya kwanza vya dunia, vile vya 1914 hadi 1918, vilikusanya wapagazi kwa maelfu, wengine kwa nguvu kabisa, na jina la kikosi chao cha uchukuzi limebaki Kariokor pale Nairobi na Kariakoo pale Dar es Salaam. Vita vya pili navyo vilikuwa na walioshurutishwa. Wengine wengi waliingia wenyewe, kwa mshahara, kwa sare, kwa hamu ya kuona dunia, au kwa sababu gazeti na redio vilisema Mjerumani akishinda mambo yatakuwa mabaya kuliko yalivyo. Kutoka Afrika Mashariki yote, ukihesabu mpaka Nyasaland na Somaliland, waliovaa sare walikuwa takriban 320,000. Kila nyumba kubwa ya kwetu ilikuwa na mtu wake huko.

Itote aliingia Keya, yaani King's African Rifles, akapata mafunzo Tanganyika na kupangwa katika bataliani ya 36, iliyokuwa bataliani ya Tanganyika. Nadhani jambo hili lilimfaa kuliko lilivyoonekana wakati huo. Mtoto wa Kaheti alijikuta analala, anakula na kuumwa pamoja na Wahehe, Wanyamwezi na Wangoni, wote wakizungumza Kiswahili cha kambini. Miaka kumi baadaye, wakati watawala waliposema kwamba watu wa kabila lake hawawezi kuelewana na mtu mwingine, yeye alikuwa ameshakula sufuria moja na watu wa makabila kumi.

Mwaka 1943 walivushwa bahari hadi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Bahari yenyewe ilikuwa vita. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa ikielekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa dakika chache, na karibu watu 1,300 wakafa, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Wengi wa wazazi wao hawakupata hata udongo wa kumwaga kaburini. Itote hakuwa katika meli hiyo.

Kutoka Ceylon divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake begani ilikuwa kichwa cha kifaru, ilipelekwa mpakani mwa India na Burma. Wajapani walikuwa wameshindwa Imphal na Kohima na walikuwa wanarudi nyuma. Kuanzia Agosti 1944 divisheni hiyo ilipewa kazi ya kuwafukuza kupitia bonde la Kabaw, katikati ya masika ya Asia, ambayo kwayo masika yetu ni manyunyu. Barabara ziligeuka uji. Magari yalizama mpaka kwenye madirisha. Chakula na risasi viliangushwa kwa ndege. Bonde lile lilisifika kwa malaria na homa ya kupe wadogo wa majanini, na maofisa wenyewe walikiri kwamba walipewa Waafrika njia hiyo kwa dhana kwamba wao wangestahimili magonjwa. Malaria ya Burma haikuuliza mtu ametoka wapi.

Walisonga hatua kwa hatua, mlima baada ya mlima, wakipigana na adui aliyechimba mashimo chini ya mizizi ya miti na kungoja humo mpaka uko juu yake. Kalemyo ikaanguka Novemba, Kalewa kwenye ukingo wa mto Chindwin ikatwaliwa mwanzoni mwa Desemba 1944. Daraja refu la vyuma la muda likatandikwa juu ya mto ule, na jeshi kubwa la Uingereza na India likapita juu yake kwenda Mandalay na Rangoon. Waafrika waliofungua njia wakarudishwa India kupumzika. Katika historia nyingi za vita hivyo sura yao ni fupi, kurasa mbili tatu, halafu msafara unaendelea bila wao.

Itote alitoka huko akiwa koplo. Alikuwa amejifunza kulinda kambi usiku, kuvizia, kusafisha bunduki gizani, kupanga doria, kutumia msitu badala ya kuuogopa. Alikuwa pia amejifunza jambo ambalo jeshi halikukusudia kumfundisha: kwamba risasi ya Mwafrika inamwangusha mtu sawasawa na risasi ya mzungu, na kwamba mzungu akiwa shimoni huku makombora yanapita juu yake huogopa kama mtu mwingine yeyote.

Katika kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1967, alisimulia mazungumzo matatu yaliyombadilisha. La kwanza lilikuwa na askari Mwingereza aliyemuuliza anapigania nini. Yule Mwingereza alikuwa na jibu lake tayari: yeye alipigania nchi yake na watu wake. Itote alipotafuta la kwake hakulipata. La pili lilikuwa na Wahindi mjini Calcutta, waliomshangaa Mwafrika anayemwaga damu bila kudai ahadi yoyote, wakati wao walikuwa wanadai uhuru wao vita vikiisha. La tatu lilikuwa na askari mweusi wa Marekani, ambaye alimweleza habari za Toussaint L'Ouverture na watumwa wa Haiti waliowashinda mabwana zao. Fikiria koplo wa Kaheti akiipata historia ya Haiti kutoka kwa mtu mweusi mwenzake, ugenini, wote wawili wakiwa katika sare ya watu wengine. Hakuna shule ya Nyeri iliyokuwa ikifundisha somo hilo.

Mwaka 1945 akarudi nyumbani. Hapa naomba msomaji tusiende haraka.

Askari waliporudi walipokelewa kwa nyimbo na pombe ya muratina. Walikuwa na makoti makubwa ya jeshi, nishani, na kiinua mgongo walichowekewa. Walikuwa wameona Bombay na Calcutta, wameendesha magari, wametengeneza redio, wamewapa amri watu. Mshahara wao ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule wa askari mzungu wa cheo hicho hicho, lakini kwa mtu wa kijijini zilikuwa fedha nyingi kuliko alizowahi kushika mkononi kwa mara moja. Wengi waliweka fedha zao pamoja, watano au kumi, wakafungua maduka, vinu vya kusagia, biashara za malori. Nikivaa miwani ya kazi yangu naona kwa nini nyingi zilianguka. Hawakuwa na mkopo wa benki, maana benki haikumkopesha Mwafrika asiye na hati ya shamba. Leseni zilitolewa kwa upendeleo. Magari yalikuwa mabovu yaliyouzwa na jeshi lenyewe. Na maduka yalikuwa mengi mno mahali pamoja, yakiuza sabuni ile ile kwa wateja wale wale. Baada ya mwaka mmoja au miwili kiinua mgongo kilikwisha, na mwenye nishani akawa yuleyule wa kipande.

Wakati huo huo serikali ilikuwa na mpango wa kuwagawia ardhi askari waliorudi, na mpango huo ulikuwa wa wazungu. Walipata mashamba kwenye nyanda za juu kwa masharti nafuu, na mikopo juu yake, kama wenzao walivyopata baada ya vita vya kwanza. Mwafrika aliyepigana bonde moja nao alirudi kwenye kipande cha ardhi cha baba yake, akagawane na ndugu zake. Sina haja ya kuongeza neno hapo. Mtu yeyote aliyewahi kufunga hesabu za mwaka anajua maana ya daftari ambalo upande mmoja umejaa na wa pili ni mtupu.

Itote akapata kazi ya Reli, ya kuchochea moto katika injini ya garimoshi. Ilikuwa kazi ya jasho na heshima kidogo, na ilimzungusha nchi. Jioni, Nairobi, aliwakuta wenzake. Hapa ndipo lilipo jambo kubwa la maisha yake kwa maoni yangu. Askari wa zamani walikuwa wanajuana bila kuulizana. Walikaa pamoja katika vyumba vya Shauri Moyo na Pumwani, wakalinganisha waliyoyaona na waliyoyakuta. Jina la Burma lenyewe limebaki mjini mpaka leo katika soko la nyama karibu na City Stadium. Wanaokula mbavu pale kila Jumamosi huenda hawajawahi kujiuliza limefikaje.

Wengine kati yao waliingia Anake a 40, kundi la vijana lililochanganya siasa, askari wa zamani, na, tuseme ukweli, wahuni wa mjini pia. Itote alikuwa mmoja wa kundi hilo. Alijiunga vilevile na KAU, chama kilichoongozwa na Jomo Kenyatta kuanzia 1947. Kuna waliorudi kutoka jeshini na kuchukua njia ya kalamu, kama Bildad Kaggia wa Murang'a, aliyekuwa karani wa jeshi na kufika Misri na Uingereza. Itote hakuwa mtu wa kalamu. Mwaka 1950 alikula kiapo, na Agosti 1952, miezi miwili kabla serikali haijatangaza Hali ya Hatari, akaingia msitu wa Mlima Kenya akiwa na kundi dogo la vijana. Jina alilojipa lilikuwa Jenerali China.

Kwa miezi kumi na saba aliongoza wapiganaji wa upande wa Mlima Kenya, waliofika maelfu, huku Dedan Kimathi na Stanley Mathenge wakiwa upande wa Nyandarua. Alivipanga vikosi kama alivyopangwa yeye: vyeo, zamu za ulinzi, doria, orodha za majina, adhabu kwa wavunja kanuni. Bunduki nyingi zilikuwa za kujitengenezea, za bomba la maji, ubao na komeo la mlango, ambazo wakati mwingine zilimlipukia mwenyewe. Chakula kilipandishwa na wanawake wa vijijini usiku, na wengi wao walilipia kazi hiyo kwa mapigo, kifungo au maisha. Majina yao hayamo katika vitabu kwa wingi yanavyostahili. Serikali nayo ikawalazimisha wanavijiji kuchimba handaki la takriban kilomita 80 kandokando ya msitu ili kuwatenga na watoto wao waliokuwa ndani.

Waliotumwa kumsaka walikuwa Waingereza, polisi, kamatimu wa vijijini, na Keya. Ndiyo, Keya ileile, pamoja na vikosi vya Uganda na Tanganyika. Huenda baadhi ya masajini wa vikosi hivyo walikuwa wamepita bonde la Kabaw kama yeye. Na si wageni tu. Wapo waliorudi Burma pamoja naye, watu wa vilima vyetu hivi hivi, waliochukua bunduki ya serikali. Familia nyingi za Mukurwe-ini zina mzee mmoja aliyekuwa msituni na mwingine aliyekuwa kamatimu, na kwenye arusi wajukuu wao huketi meza moja. Kijitabu cha harambee si mahakama. Lakini kikinyamaza kabisa kitakuwa kinasema uongo.

Januari 1954, karibu na Karatina, Itote alijeruhiwa kwa risasi shingoni na akakamatwa. Hapa yanaanza mambo ambayo watu bado hubishana. Akiwa na jeraha hilo alihojiwa na ofisa wa polisi Ian Henderson, aliyekulia Nyeri na kuzungumza Kigikuyu kama mwenyeji, kwa muda wa saa 68. Alisema mengi juu ya vikosi vyake. Mwanzoni mwa Februari alishtakiwa Nyeri kwa kushirikiana na watu wenye silaha na kupatikana na risasi, akahukumiwa kunyongwa. Machi hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, kwa sababu alikubali kuwaandikia wenzake na kuwashawishi waje wazungumze na serikali juu ya kuweka silaha chini.

Barua zilikwenda msituni. Viongozi kadhaa walikuja kuzungumza. Kwa majuma machache ilionekana kama vita vingeisha kwa maneno. Aprili yakavunjika: kulitokea mapigano pembeni mwa msitu kati ya jeshi na wapiganaji waliokuwa wamekusanyika, na waliobaki wakarudi ndani wakiamini wamewekewa mtego. Tarehe 24 mwezi huo huo jeshi likaizingira Nairobi na kukamata watu zaidi ya 20,000.

Je, Itote aliwauza wenzake? Nimesikia swali hili tangu utotoni, nalo huulizwa kwa sauti ya chini. Nitatoa maoni yangu, na mwenye maoni mengine asininyime mchango wake kwa sababu hiyo. Wakati wa Hali ya Hatari serikali iliwanyonga watu 1,090. Mtu wa miaka thelathini na kidogo, mwenye tundu la risasi shingoni, anayeiona kamba ile mbele yake, akapewa nafasi ya kuishi na pengine kuokoa maelfu ya vijana wenye bunduki za mabomba dhidi ya ndege za kivita, alichukua nafasi hiyo. Alikuwa ameliona jeshi la Uingereza kwa ndani, akajua uzito wake, tofauti na vijana wengi waliokuwa chini yake. Wapo walioumia kwa aliyoyasema, na hasira ya watoto wao ni halali. Naona pia kwamba mazungumzo yale yalikuwa mara ya kwanza serikali kuketi na wapiganaji kama watu wenye hoja. Mambo hayo mawili yote ni ya kweli, na mimi nayaandika mstari mmoja chini ya mwingine bila kuyatoa moja kwa jingine.

Alipelekwa Lokitaung, jangwani Turkana, karibu kabisa na mpaka wa Ethiopia na Sudan, alikokuwa Kenyatta na wenzake wa kesi ya Kapenguria. Joto, mchanga, kuvunja mawe. Koplo aliyeongoza maelfu akawa mwanafunzi: Kenyatta alimfundisha Kiingereza huko. Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mathenge alipotea na hajaonekana tena. Itote, aliyehukumiwa kifo kwanza, ndiye aliyebaki kusimulia.

Aliachiliwa mwaka 1962, akarudi nyumbani kwa mara ya pili. Mara hii hakukuwa na koti la jeshi wala kiinua mgongo. Nchi ilikuwa inaingia katika uhuru, na waliotoka kizuizini na msituni walikuta ardhi zao zimepimwa, zimesajiliwa, na katika visa vingi zimepewa wengine wakati wao hawapo. Desemba 1963 wapiganaji waliokuwa bado Mlima Kenya walitoka, wakakusanyika Ruring'u wakiwa na nywele ndefu na nguo za ngozi, wakashangiliwa, wakapewa ahadi. Mashamba ya wazungu yalianza kuuzwa kwa Waafrika, lakini kuuzwa ni kuuzwa: aliyekuwa na amana alipata, aliyekuwa msituni hakuwa na amana. Kaggia alipiga kelele juu ya hilo mpaka akatoka serikalini. Itote hakupiga kelele. Alibaki upande wa Kenyatta mpaka mwisho, na wapo wazee wa msituni waliomlaumu kwa ukimya huo kuliko walivyomlaumu kwa zile saa 68.

Alichofanya badala yake ni kazi. Alipelekwa Israel kwa mafunzo, na Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa lilipoanzishwa mwaka 1964 akawa mmoja wa viongozi wake. Mkurugenzi alikuwa Geoffrey Griffin, mwanzilishi wa shule ya Starehe, ambaye wakati wa Hali ya Hatari alikuwa ofisa wa jeshi upande wa serikali. Basi mtu aliyekuwa jenerali msituni na mtu aliyevaa sare ya waliomsaka wakashirikiana ofisi moja kwa miaka, kazi yao ikiwa kuwachukua vijana wasio na ajira, wengine wao watoto wa wapiganaji, wawavishe sare ya kijani, wawafundishe useremala, uashi, umakanika na udereva wa matrekta, kisha wawatume kujenga barabara. Natamani tungejua walizungumza nini wakinywa chai. Pengine walizungumza juu ya matrekta tu.

Itote alidumu katika kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 1984. Hesabu yangu ni kwamba miaka yake ya msituni haikufika miwili, ile ya Burma na Keya ilikuwa mitatu na kidogo, ya kifungo minane, na ya kufundisha vijana ufundi ilikuwa takriban ishirini. Kwa watu wengi bado ni Jenerali China tu. Kitabu chake cha pili juu ya Mau Mau kilitoka mwaka 1979. Alifariki mwaka 1993, wakati ambapo kisheria Mau Mau kilikuwa bado chama kilichopigwa marufuku. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2003. Miaka kumi baadaye, 2013, serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari.

Jambo moja katika malipo hayo linanigusa kama mtu wa stakabadhi. Madai yale yalihitaji ushahidi: kumbukumbu za kambi, vyeti, makovu, majina. Waliokuwa na karatasi walikuwa na pa kuanzia. Katika ziara zetu za kukusanya michango tumekuta vyeti vya kuachishwa Keya vimewekwa ndani ya Biblia, nishani za Burma zimefungwa kwenye leso, na kadi za kizuizini zilizoliwa na mchwa nusu. Mjukuu mmoja alikuwa anachezea nishani ya babu yake kama kifuniko cha soda.

Kwa hiyo siku ya harambee, mbali na meza ya michango, kutakuwa na meza ya pili karibu na mlango wa ukumbi. Anayetoka nyumba yenye mzee aliyekuwa Burma, msituni, kizuizini au kamatimu, alete karatasi, picha na nishani alizonazo. Zitapigwa picha papo hapo mbele yake na kurudishwa mkononi mwake. Zitaandikwa katika daftari kwa jina la mzee, kijiji chake na aliyezileta. Hakuna malipo, na hakuna atakayeulizwa mzee wake alikuwa upande gani. Nakala zitawekwa katika chumba cha vitabu cha chuo cha ufundi, kabati la chini, karakana itakapokwisha kuezekwa. Mabati yaliyopungua ni 46.